Meya na Kichochoro Kilichovunjwa Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, Meya anapangusa vipanya vya kompyuta. Anavigeuza tumbo juu kimoja kimoja, anavipitishia kitambaa chenye spiriti, na kila anapokuta ganda la karanga limenasa kwenye kitufe anaguna.

"Tangazo nimelibandika ukutani, nimelibandika mlangoni, nimelibandika mpaka chooni," anasema bila kuinua macho. "Usile kwenye mashine! Na wao wanalisoma huku wanatafuna."

Chumba hiki cha gemu kiliwahi kuwa bucha. Kuta zina vigae vyeupe hadi kimo cha bega, sakafu imeinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, na darini bado kuna kulabu za chuma. Siku hizi kulabu hazining'inizi nyama, zinaning'iniza hedifoni. Mashine nyingi ni za mpira na mbio za magari. Mbili za kona ya nyuma, ambazo wateja wanaziita "manispaa", ni za watu wanaokuja kujenga miji.

Usicheke. Mwandishi wa makala haya naye alicheka, akavutiwa kiti, na hadi mchana hakuwa tena na hamu ya kucheka.

Meya ni jina la utani. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu ("Andika arobaini, hicho kitu kiache"), na ndiye mhudumu, mtunza fedha, fundi na askari wa chumba hiki. Mwenye biashara, anayeitwa Bosi na kila mtu, hata mkewe, huja jioni kuchukua mapato. Saa moja ya mchezo ni bei ya mkate mmoja. Mshahara wa Meya unalipa kodi ya vyumba viwili na chakula cha nusu mwezi.

"Nusu nyingine?" anauliza, kisha anajijibu. "Nusu nyingine ni Mungu tu, na yeye hajawahi kunikopesha kwa riba."

Jua likishapanda kidogo, wateja wa manispaa wanaingia. Mlinzi anatoka lindoni, hajalala, bado ana buti. Msusi anavuka kutoka saluni yake ya ng'ambo, maana asubuhi hana vichwa vya kusuka. Wanakaa bega kwa bega, na hata kabla mashine hazijawaka wameshaanza.

"Mji wako hauna hata bomba la maji taka," mlinzi anamwambia. "Watu wako wanajisaidia wapi?"

"Watu gani? Mimi sina watu, nina maua."

"Basi huo si mji, ni keki."

"Na wako ni nini? Ni daftari la madeni lenye barabara!"

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, na mwandishi alikuwa mmoja wao hadi juzi, ugomvi wenyewe uko hivi. Mchezo wa mlinzi ni wa kuendesha mji. Unapewa ardhi tupu na fedha kidogo, unalaza barabara, unavuta umeme, unatoza kodi. Nyumba hujengi wewe. Unatenga kiwanja tu, na watu wanakuja kujenga wenyewe. Ukizembea wanahama. Ukiwahudumia vizuri wanaongezeka. Na ukiwahudumia vizuri kupita kiasi, ardhi inapanda thamani, na mchezo wenyewe, bila kukuuliza, unabomoa vibanda na kupandisha ghorofa.

Mchezo wa msusi hauna fedha, hauna kodi, na hakuna kushindwa. Unachagua ukuta, paa, dirisha, ua wa maua. Kila kimoja unakiweka unapotaka na kinakaa hapo mpaka kiama. Hakuna anayekuja wala anayehama.

Wateja wa manispaa wamegawanyika kama mashabiki wa timu mbili za mtaa mmoja, hawa watu wa hesabu, wale watu wa mapambo. Na kwa miaka mingi kamanda wa watu wa hesabu alikuwa Meya.

"Muulize leo yuko upande gani," mlinzi anamnong'oneza mwandishi, lakini kwa sauti ya kusikika. "Alitufundisha sote. Sasa mchezo wetu hataki hata kuugusa."

Meya anapita nyuma yao na kitambaa chake. "Mwache mwenzako na maua yake," anasema, kisha anakwenda kuchungulia plagi ambayo haina tatizo lolote.

Alipoajiriwa hapa, kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kupokea pesa. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vocha za simu kwenye mwavuli, kazi ya jua na vumbi, hivyo kiti chenye mgongo na feni kilikuwa cheo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Akaanza kujaribu mashine ya kona ili usingizi usimchukue.

"Mji wa kwanza uliungua. Wa pili watu walinikimbia. Wa tatu ulifilisika nikiwa nimekwenda kunywa chai," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka kicheko kizima. "Baadaye nikaushika. Watu wazima wana vitambi wanasimama nyuma yangu wananiuliza mambo ya kodi! Mmoja akasema, huyu si mhudumu, huyu ni meya. Jina likaganda."

Mji wake ulisifika. Haukuwa na foleni, haukuwa na takataka, haukudaiwa. Watu walikuwa wanalipia saa yao ya mchezo halafu wanaitumia kuutazama.

"Nilikuwa na kiburi, nakwambia ukweli. Watu wa mapambo nilikuwa nawadharau wazi wazi. Nawaambia, mji usio na watu ni picha ya kalenda."

Kinachomuuma Meya hakikuanzia hapa chumbani. Kilianzia kwenye kichochoro kimoja ambacho leo huwezi kukiona, kwa sababu juu yake linapita barabara kubwa la malori.

Mama yake, ambaye wateja wa zamani bado wanamwita Bi Cherehani, alishona nguo katika kichochoro hicho zaidi ya miaka thelathini. Kilikuwa chembamba, mtu mwenye mzigo kichwani anapita upande upande. Meya alizaliwa hapo. Kisha barabara ikapangwa kupita, alama nyekundu zikapakwa milangoni, na katika siku chache nyumba zote zikalala chini. Fidia ilikuja kwa kuchelewa, ikatosha kulipia pango sehemu nyingine na kusafirisha cherehani.

Bi Cherehani akahamia kwa binti yake, na mambo yakaenda. Halafu akaanza kusahau.

"Kwanza aliweka chumvi mara mbili. Tukacheka," anasema Meya. "Siku nyingine akamshonea mtu gauni lenye mikono miwili upande mmoja. Akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akalitia mfukoni. Hapo hatukucheka."

Kikafuata kibaya zaidi. Mama akawa anakwenda nyumbani. Akishakunywa chai anavaa viatu, anaaga kwa adabu, anaondoka. Majirani wanamkuta amesimama ukingoni mwa lile barabara, anangoja magari yamalize kupita mlangoni kwake.

"Siku moja alishaingia katikati. Dereva wa lori akashuka akaja kunitukana, matusi ya nguoni. Nilimwacha atukane mpaka achoke, maana alikuwa amefunga breki."

Muuguzi wa zahanati alimweleza ukweli. Ugonjwa huu haurudi nyuma. Lakini yale ya zamani ambayo mama bado anayo, mwache ayazungumze, yatamtuliza. Meya alisikia, akashukuru, ila hakujua aanzie wapi. Ana kazi ya kutwa, na nyumbani hakuna mtu wa kumwangalia mgonjwa. Siku moja akaamua kuja naye kazini, akamkalisha kona ya manispaa, akaendelea kucheza kidogo kabla wateja hawajafika.

Mama akautazama mji kwenye kioo, barabara zake, taa zake, vijitu vinavyotembea. Akauliza, "Kichochoro chetu kiko wapi hapo?"

"Nikamwambia hakipo, mama. Akaniambia, 'Basi kiweke.'"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mama anasema na binti anaweka. Hapa kwa Fundi Redio, mlango wa kijani, umepinda kwa chini. Hapa kwa Mama Pacha, wameezeka paa jipya, wanaringa. Hapa bomba, na pembeni ya bomba jiwe la kukalia, si la kupumzikia, la kusengenyea. Meya anatenga kiwanja kidogo, nyumba inaota, mama anaikagua. Si hii. Inaondolewa, inaota nyingine. Hii hii, iache.

"Mtu anayesahau kama amekula alikuwa anakumbuka nani alianika nguo upande gani wa kamba!" anasema Meya. "Nilikuwa namtazama nashindwa kuamini. Sauti yake ilirudi. Akawa ananigombeza kama zamani."

Kuna mtu alimwonya, na mtu huyo yumo humu ndani, anapanda maua. Msusi anasimulia mwenyewe, mkono ukiwa bado kwenye kipanya.

"Nilimwambia, dada Meya, mchezo huo utakusaliti. Huo hautulii. Njoo huku kwetu, ukiweka mlango wa kijani utabaki wa kijani. Akanicheka. Akasema huku kwenu hakuna watu, na mama anataka kuona watu." Msusi anatikisa kichwa. "Na hilo, tusidanganyane, lilikuwa kweli. Mama alikuwa anafurahi jamani! Kuna kijitu kilikuwa kinatoka nyumba ya pili kila mara, anakinyooshea kidole, anasema huyo, huyo, anakwenda kukopa sukari."

Na dawa ilikuwa inafanya kazi. Wiki baada ya wiki Bi Cherehani hakwenda barabarani. Akiamka anauliza swali moja tu, leo tunajenga kwa nani?

Lakini Meya ni Meya. Kichochoro kilipoanza kukamilika, akataka kukiendeleza.

"Nilitaka kiwe na kila kitu tulichokosa. Sisi tulikuwa tunapanga foleni ya maji na ndoo kichwani. Nikasema safari hii hapana, safari hii mama yangu atapata maji ndani. Nikavuta bomba. Nikaweka zahanati hapo karibu, nikaweka shule, bustani, taa. Watu wangu wakafurahi, alama zikapanda."

Anatafuta maneno kwenye vigae.

"Ardhi ikapanda thamani. Na mimi nilikuwa najua! Mwingine angekwambia hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha hawa, ukiendeleza mno, vibanda vinaondoka. Nilikuwa nafurahia vikiondoka, ndiyo maendeleo. Nikasahau kwamba safari hii vibanda ni sisi."

Asubuhi yenyewe, mashine moja ya mbele ilianza kutoa moshi. Mteja akapiga kelele, Meya akaruka kwenda kuchomoa waya. Mchezo aliuacha unakwenda, tena kwa mwendo wa kasi, kwa sababu walikuwa wanangoja nyumba moja iote. Kuusimamisha ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Hakukibonyeza. Bi Cherehani akabaki peke yake mbele ya kioo.

"Niliporudi nilimkuta amesimama. Anagonga kioo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu. Nikaangalia. Upande wa bomba, ghorofa. Kwa Fundi Redio, ghorofa. Nyumba yetu ilikuwa bado, ndiyo ya mwisho. Ikaondoka tunaitazama."

Mama aligeuka. Hakulia.

"Akaniambia, 'Wamekuja tena.' Akaniambia, 'Nimewaita watu watoke nje, hawanisikii.'"

Hata mlinzi ameacha kutoza kodi. Meya anajifuta uso kwa kiganja, kisha anakasirika kwamba kiganja kina spiriti na macho yanamuwasha.

Mtu atauliza, si kuna kuhifadhi mchezo? Kupo. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila baada ya muda, na ulijihifadhi ghorofa zikiwa zimeshasimama. Na Meya ana tabia ambayo amewagombeza nayo wateja wengi, ya kusevu la leo juu ya la jana. Faili ni moja, na ndani yake hakukuwa na kichochoro.

Angeweza kukijenga upya. Aliahidi hivyo palepale. Lakini mama hakukanyaga tena chumba hiki. Ukimwambia twende kwenye kompyuta anashika nguzo ya kitanda.

"Anasema huko ndiko wanakovunjia. Nimembembeleza, nimemdanganya, nimekasirika, nimeomba msamaha. Hataki. Akaanza tena kuvaa viatu."

Na kadiri miezi ilivyopita, yale aliyokuwa nayo yakaanza kumtoka. Kamba ya nguo ikaenda. Mama Pacha akaenda na paa lake. Meya anasema alidhani amepoteza mchezo, kumbe amepoteza kitu kingine kabisa.

"Yale maneno yake ndiyo yalikuwa kichochoro chenyewe. Sikuyarekodi, hata kwa simu! Nilikuwa nayamimina kwenye mashine naona nimeyaweka mahali salama. Sasa namuuliza, mama, mlango wa Fundi Redio ulikuwa rangi gani? Ananiuliza, fundi gani?"

Majuto ni mjukuu, tuliambiwa tukiwa wadogo, na wengi wetu tukadhani ni maneno ya kuandikia imla. Meya amekaa naye huyo mjukuu mwaka mzima sasa. Anaamka naye, anafungua naye chumba cha gemu.

Alichofanya, baada ya kulia na kumaliza, ni kuvuka barabara kwenda saluni. Alimkuta msusi ana kichwa cha mtu mikononi, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema, nifundishe mchezo wenu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," anasema Meya. "Mimi nilikaidi la mdogo, nikavunjika yote mawili."

"Hata sikumcheka," anasema msusi. Anafikiri. "Nilimcheka kidogo."

Sasa, kila mara chumba kinapokuwa kitupu, Meya anajenga kichochoro kwa mara ya pili, kwenye mchezo usio na fedha wala ghorofa zinazojiotea. Anajenga kwa kumbukumbu zake mwenyewe, na zinapoishia anamwendea Fundi Redio. Mzee huyu bado yuko hai, anatengeneza simu chini ya ngazi za jengo moja la maduka, meza yake ni mlango wa kabati uliowekwa juu ya makreti. Mwandishi aliandamana na Meya saa ya mchana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja tena na mlango wangu?"

"Nimekuja nao. Kijani, si ndiyo?"

"Kijani. Lakini haukupinda."

"Mama alisema umepinda kwa chini."

"Mlango wangu haujapinda siku zote za maisha yake!" Mzee anaweka chini bisibisi. "Ukuta ndio uliopinda. Mlango umesimama wima kama askari, ukuta unauonea. Watu wakipita wanaulaumu mlango."

Wanabishana hivyo kwa muda, mzee akichora ukuta hewani, Meya akicheka. Mteja aliyeleta simu yake anangoja na kuguna. Halafu mzee anashusha mkono.

"Wewe uweke uliopinda," anasema. "Kama mama yako aliuona umepinda, uweke hivyo hivyo. Mimi sina shida."

Kuna jambo hata yeye hawezi kulisaidia. Mwisho wa kichochoro, ng'ambo ya bomba, hakuwa akienda. Wa kule walikuwa na maisha yao. Aliyeingia kila nyumba ni mmoja tu, Bi Cherehani, kwa sababu alikuwa anapima watu nguo. Meya anamwuliza tena kuhusu nyumba zile, kama anavyomwuliza kila mara, na mzee anajibu tena kwamba hajui, binti yangu, ningejua ningekwambia.

Kwenye kioo, sehemu hiyo ni nyasi tupu. Msusi ameshauri waweke nyumba nzuri nzuri, nani atajua? Meya amekataa.

"Nikibuni nitakuwa nimekivunja mara ya tatu," anasema.

Tatizo lilibaki moja. Mama haji chumbani, na kichochoro kiko chumbani. Meya akamwomba Bosi amuuzie mashine moja kuukuu, akatwe kidogo kidogo kwenye mshahara. Bosi, mtu ambaye hajawahi kumpunguzia mtu hata dakika, alikuna kidevu, akataja bei, kisha akaongeza kioo bure. "Kina mstari katikati," akasema haraka, asije akaonekana mwema.

Jumapili iliyofuata, mwandishi alikaribishwa nyumbani. Ni vyumba viwili vinavyofuatana kama mabehewa, kile cha ndani cha kulala, hiki cha nje cha mambo mengine yote. Meza ni moja, nayo ni ya cherehani. Mashine ya kushonea imezamishwa chini ndani ya meza yake, na juu yake kimekaa kioo cha kompyuta chenye mstari katikati.

Bi Cherehani anatoka chumba cha ndani. Ni mdogo kuliko mwandishi alivyomwazia, amevaa gauni safi na viatu vya kufunga kamba. Ameshavifunga. Anamsalimia mgeni, anamuuliza habari za watoto, na bila kungoja jibu anaanza kuaga.

"Mimi nakwenda nyumbani sasa. Nimekaa sana kwenu, asanteni."

"Mama, kaa kidogo," anasema Meya. "Kuna kitu uone kwanza. Kidogo tu."

"Jua linakuwa kali njiani."

"Kidogo tu, mama."

Mama anaketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu wa kuondoka. Meya anawasha. Kichochoro kinatokea. Kuta zimebanana, bomba liko mahali pake, kamba za nguo zimevuka kutoka ukuta hadi ukuta, na jua la mchezo ule, ambalo halitui mpaka ulitue mwenyewe, limepiga upande mmoja wa milango.

Bi Cherehani anatazama. Mwandishi anamtazama yeye, na Meya pia. Macho yake yanapita juu ya mlango wa kijani, uliopinda, bila kusimama. Yanapita juu ya jiwe la bombani. Yanakwenda mpaka kwenye nyasi, yanarudi.

"Watu wako wapi?" anauliza.

Meya anageukia kioo.

"Nyumba hizi zote, milango iko wazi. Hakuna hata mtoto." Sauti yake inapanda. Mikono imeshika ukingo wa kiti. "Wamehamishwa? Mwanangu, wamewahamisha watu?"

Hapa ndipo mwandishi alipoelewa kwamba Meya hakuwa ameliwazia swali hili. Mwaka mzima alikuwa akitafuta mahali pasipovunjika, akapapata, na hapana mtu. Anamtazama mwandishi, ambaye hana msaada wowote.

"Hawajahamishwa, mama," anasema hatimaye. "Wametoka tu."

"Wametoka kwenda wapi?"

"Sokoni. Leo si kuna soko."

"Wote?"

"Wote, mama. Wameondoka pamoja."

Bi Cherehani anafikiri. Nje mtu anapita akisukuma mkokoteni, na malori yanasikika kwa mbali. Kisha anaachia ukingo wa kiti.

"Watarudi na mizigo basi," anasema. "Watahitaji mtu wa kuwapokea."

Anainama. Anafungua kamba za kiatu cha kulia, anakivua, anakisukuma chini ya meza. Anafungua cha kushoto. Anajisogeza nyuma mpaka mgongo unafika kwenye kiti.

Meya anamvuta mwandishi hadi mlangoni. Anasema kwa kunong'ona, na machozi anayaacha yashuke, hayafuti.

"Nimemdanganya mama yangu. Umeniona. Na kesho nitamdanganya tena." Anavuta pumzi. "Mpango wangu ni huo tu sasa. Kila asubuhi nimwashie kabla sijatoka, jirani amtupie jicho, yeye akae hapo asivuke barabara. Na siku akitaja nani alikaa kule kwenye nyasi, hata jina moja, niwe karibu nimsikie. Siombi zaidi ya hapo."

"Mnanong'ona nini nyinyi?" anauliza Bi Cherehani bila kugeuka. Macho yake yako kichochoroni, na kwa mkono anagonga kigoda kilichokuwa kitupu kando yake. "Mgeni, mbona umesimama? Njoo ukae. Hawakawii."

Mwandishi akaja, akakaa.